Majaribio Tuliyoyajua kwa Majina

Zamani, pale Kibaha, JUnit, maktaba ya kuandikia majaribio ya programu za Java, ilitufikia kwa flashi. Mmoja akiipata Dar, anaipitisha Maili Moja, sote tunanakili faili lile la jar na kuliweka wenyewe ndani ya mradi. Kazi ilikuwa ya mkono, lakini kila mmoja alijua jaribio lake linapatikanaje. Katika JUnit 3 klasi ilirithi TestCase, na jina la kila jaribio lilianza na test. Ukikosea jina, haliendeshwi.

JUnit 4 ya mwaka 2006 ikaleta alama ya @Test, majina yakawa huru. Mwaka 2017 ikaja JUnit 5, na @Test yake ikahamia org.junit.jupiter.api.

Leo kijana wa Kisarawe anafungua mradi kwenye kihariri cha VS Code, anangoja alama ya chupa ya maabara itokee pembeni. Haitokei. Majaribio ameyaandika, kihariri hakiyaoni. Pengine amefungua folda isiyo na pom.xml, faili la mipangilio ya Maven. Pengine ameita @Test ya JUnit 4 ilhali pom.xml inataja Jupiter, yaani JUnit 5. Na lipo hili la kwetu hasa: kifurushi cha intaneti kilikwisha Maven ikiwa bado inashusha maktaba. Hata akinunua kingine, Maven huweza kukumbuka kule kushindwa na isijaribu tena mpaka muda wake upite au alazimishe kwa mvn -U test. Wengi hawajaambiwa hilo, na wapo wanaoacha kabisa kuandika majaribio. Hapo ndipo ninapoumia.

Siwalaumu waliotengeneza kihariri. Erich Gamma, aliyeiandika JUnit na Kent Beck mwaka 1997, ndiye baadaye aliyeongoza timu ya VS Code. Kilichopotea kimepotea huku kwetu tunaofundisha: tunamwonyesha kijana kitufe, hatumwonyeshi kinachofanyika nyuma yake. Nasi tunaishi juu ya Java. Mfumo wa DHIS2, unaopokea takwimu za afya za MTUHA kutoka zahanati zetu, umeandikwa kwa Java.

Vijana wa Kibaha na Kisarawe, chupa isipotokea msiyafute majaribio. Ingieni kwenye folda yenye pom.xml, endesheni mvn test, kisha someni idadi ya majaribio yaliyoendeshwa. Ikiwa ni 0, hakuna kilichopimwa, hata kama Maven imeandika BUILD SUCCESS.