Maafa yakitokea mtoto akiwa shuleni, atakabidhiwa nani?

Kila maafa yanapotokea, swali la kwanza mitandaoni huwa ni hili: Serikali ilikuwa wapi? Ni swali la haki, na sisi waandishi wa habari kuliuliza ndiyo kazi yetu. Lakini kadiri ninavyoandika habari za afya, ndivyo ninavyoona kuna swali jingine ambalo wazazi hatuliulizi mapema, kabla mvua haijanyesha: hapa mtaani kwetu, nani anajua afanye nini katika saa ya kwanza?

Nataja saa ya kwanza kwa sababu mara nyingi saa hiyo huwa ya majirani. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika na 19 walifariki dunia. Mmoja wa wavuvi hao, Majaliwa Jackson, baadaye alichukuliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliingia mji wa Katesh na kijiji cha Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Tope lilijaa hadi barabarani, na gari la msaada haliwezi kukufikia kabla njia haijafunguliwa. Hapo unabaki wewe na aliye jirani yako.

Waliotunga sheria wanalijua hilo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya na kata, hadi kijiji na mtaa. Wilayani, mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti, na halmashauri inaleta watu wake: mganga mkuu, mhandisi, ofisa elimu, ofisa ustawi wa jamii. Jambo likizidi uwezo wa wilaya linapanda mkoani, kisha Ofisi ya Waziri Mkuu. Zimamoto, ambao wengi tunadhani ni wa halmashauri, ni jeshi la taifa zima lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani.

Niliwahi kuhudhuria mafunzo ya kamati ya wilaya moja, nikiwa nimekaa nyuma na daftari langu. Walipewa zoezi la kubuni: ni saa tatu asubuhi siku ya shule, mto umefurika, daraja limekatika, na shule ya msingi iko ng'ambo ya pili. Mfanye nini?

Mganga alihesabu vitanda na chupa za damu. Mhandisi alieleza kijiko kitatoka wapi na dizeli italipwa na fungu gani. Ofisa afya alizungumzia vyoo na dawa ya kutibu maji, maana mafuriko yakipungua kipindupindu hakiko mbali. Kila mmoja alijua kazi yake, na nilianza kupata moyo.

Ndipo dada mmoja wa ustawi wa jamii akanyoosha mkono. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kuuliza. Saa saba wazazi watakuwa getini. Wengine hawatafika kwa sababu ya daraja. Atakuja mjomba, atakuja jirani, atakuja mtu tusiyemjua. Mtoto tunamkabidhi nani?"

Ukumbi ulinyamaza. Haikuwa dharau kwa watoto. Ni kwamba mpango wa wilaya unahesabu watu kwa mamia, na mtoto mmoja mwenye jina lake huwa anajulikana na watu watatu au wanne tu: mzazi, bibi, mwalimu wa darasa, labda na bodaboda anayempeleka shule.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake, akiwemo aliyepotea. Kwa hiyo swali la yule dada lilikuwa la kisheria kabisa. Lakini jibu lake halikai wilayani. Linakaa shuleni na mtaani.

Mimi nina binti wa chekechea. Wiki ileile nilimwendea mwalimu wake na kumuuliza swali hilohilo. Hakukasirika. Alitoa rejista, tukapitia pamoja ukurasa wa kina mtoto wake. Namba kadhaa zilikuwa za laini zilizokwisha kufungwa. Watoto wengi walikuwa na namba moja tu, ya baba, na baba mwenyewe yuko kazini mkoa mwingine. Tulikubaliana kwamba kila mzazi aandike mtu wa pili anayeishi upande uleule wa mto na shule, na mtoto asitolewe kwa mtu ambaye hakuandikwa. Kazi hiyo ilichukua kikao kimoja cha wazazi na kalamu.

Mtaani ilikuwa ngumu zaidi. Nilimsalimia mwenyekiti wetu, nikamuuliza kuhusu kamati ya maafa. "Mwanangu," akanijibu, "majina yapo. Ila haijawahi kukaa." Nilimshukuru kwa ukweli wake, maana viongozi wengi wangenipa hotuba. Nikamwomba aiweke kwenye ajenda ya mkutano wa mtaa.

Siku ya mkutano niligundua jinsi tulivyo na watu. Kuna muuguzi mstaafu nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kuna fundi mwenye ngazi ndefu na kamba. Kuna mama lishe anayejua kila nyumba yenye mgonjwa asiyeweza kutembea, kwa sababu huwapelekea uji. Mzee mmoja alieleza maji ya mwaka 2011 yalipita wapi, na njia gani ilibaki kavu. Mafuriko hayo ya Desemba yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam, na waliokuwa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Taarifa kama hiyo ya njia kavu haimo kwenye jalada lolote la wilaya nililowahi kuliona.

Sisemi haya ili halmashauri ipumue. Mtaro usiozibuliwa ni kazi yake. Kituo cha afya kisicho na gari la wagonjwa ni hoja ya kupeleka kwa diwani wakati wa bajeti, na tuipeleke. Lakini kamati ya mtaa inayokutana inaweza pia kudai kwa nguvu, kwa sababu inajua inadai nini.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mambo ni machache. Muulize mwalimu: mkilazimika kuwatoa watoto, mnawapeleka wapi, na nani anaruhusiwa kumchukua mwanangu? Muulize mwenyekiti wa mtaa: kamati ya maafa ni akina nani, na imekutana lini? Muulize diwani: katika bajeti ya mwaka huu, dharura imetengewa kiasi gani?

Nyumbani, mfundishe mtoto majina yako mawili na namba ya simu hadi aiimbe. Weka kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na dawa za anayetumia kila siku ndani ya mfuko mmoja wa nailoni, mahali ambapo hata dada wa kazi anapajua. Andika ukutani 114 ya Zimamoto, 112 ya Polisi na 199 ya Wizara ya Afya.

Na ukibadilisha laini ya simu, mwalimu wa darasa awe miongoni mwa wa kwanza kujua.