Iyula kwa Wawili, na Kimpira Kilichodondoka

Kama wewe na mwenzi wako mmechoshwa na foleni, simu za bosi na wikiendi za kukaa meza ileile, baa ileile, mwezi huu tunawapeleka Mbozi, mkoani Songwe, hadi kata ya Iyula. Usitegemee ufukwe wala bwawa la kuogelea. Huku kuna mashamba ya kahawa, baridi ya kuvaliana sweta na ukimya ambao mtu wa mjini huanza kwa kuuogopa. Tena ni huku huku utakapogundua kwamba kitu cha kwanza kupotea safarini si pochi wala chaja. Ni kile kimpira laini cha hedifoni zako za kuchomeka masikioni!

Usicheke. Kimpira hicho kikitoka, safari yako ya muziki imekwisha, na masikio yako yako hatarini. Tutafika huko.

Mnafikaje?

Ukitoka Mbeya mjini unashika barabara kuu ya kwenda Zambia. Utapita Mlowo, mji mdogo wa biashara uliochangamka, kisha Vwawa, makao makuu ya mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukiendelea mbele unafika Tunduma, mpakani, ambako ng'ambo ya pili ni Nakonde ya Zambia. Kwa wawili wanaotaka kulala pazuri, chukueni chumba Vwawa au Mlowo, halafu Iyula muiendee mchana kwa gari au bodaboda.

Mbozi ni nyumbani kwa Wanyiha, na ni moja ya sehemu zinazotoa kahawa nyingi aina ya arabika nchini. Mavuno huanza katikati ya mwaka, na hapo ndipo baridi nayo inapokolea. Mkipata nafasi msikose Kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma lililodondoka kutoka angani, lenye urefu wa takriban mita 3. Limelala kwenye kilima cha Marengi, na picha yenu mbele yake itakuwa bomba kuliko ya hotelini.

Kwa nini kimpira kinadondokea huku?

Jibu ni adabu. Kwenye njia za Iyula unapishana na wazee, kina mama wenye vikapu na watoto watokao shule. Huwezi kumpita mzee wa watu na waya masikioni kama roboti. Unachomoa hedifoni, unatoa shikamoo yako, unaulizwa habari za huko mtokako, unaagwa, unachomeka tena. Baada ya salamu kumi, kimpira kilicholegea kinabaki kwenye majani ya kahawa, nawe unachomeka plastiki tupu.

Hapo ndipo wengi tunapokimbilia dawa ya haraka, kuongeza sauti. Kazi ya kimpira ni kuziba tundu la sikio. Kisipoziba vizuri, besi inavuja, kelele za nje zinaingia, na muziki unasikika mwembamba kama redio yenye betri zilizochoka. Unapandisha sauti kidogo, kisha kidogo tena. Ukipanda bodaboda na upepo ule, unapandisha hadi mwisho.

Masikio hayana spea. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni 1 duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya usikilizaji usio salama. Kiwango linachoshauri ni desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki, na sauti ikipanda, muda huo hupungua haraka sana. Kwa hiyo kimpira kinachokutosha si urembo. Ndicho kinachokuwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini na bado ukafaidi.

Sikio lipi, dada?

Haya, kimepotea. Unakipata wapi? Kwenye maduka ya miji midogo ni nadra kukuta vimpira vinauzwa peke yake. Lakini fundi simu ni mtu wa akiba. Pale Mlowo mwenzangu alimuuliza mmoja, "Kaka, una vimpira vya hizi?" Fundi akavuta kopo lililojaa vimpira vilivyotolewa kwenye hedifoni zilizokufa, akauliza, "Vya sikio lipi, dada?"

Tulidhani anatania. Kumbe kwa watu wengi tundu la kulia na la kushoto hayafanani. Mwenzangu akaishia na cha kati kulia, kidogo kushoto, na kwa mara ya kwanza hedifoni zake zikakaa bila kushikiliwa na kidole.

Kama hakuna kopo la fundi, nunua hedifoni za bei nafuu ambazo pakiti yake ina saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa. Chukua vimpira, hedifoni zenyewe ziwe za akiba. Ila kabla ya kutoa mshiko, angalia mambo haya:

Kwanza, shingo. Ni kile kibomba ambacho kimpira huvishwa. Nyingi zina unene wa milimita 4 hadi 6, lakini zipo nyembamba za kama milimita 3, mfano za Etymotic na baadhi ya Shure. AirPods Pro zina shingo ya umbo la yai na vimpira vyake maalumu, hivyo cha mviringo hakitakaa. Nenda na hedifoni yako dukani, usikisie.

Pili, jaribu kabla ya kulipa. Vaa, kisha ongea. Sauti yako ikisikika nzito kana kwamba umeinama ndani ya mtungi, kimpira kimeziba. Tingisha kichwa, tafuna kidogo. Kikitoka, ni kidogo mno. Kikiuma, ni kikubwa. Chagua kidogo kuliko vyote vinavyoziba bila kuuma.

Tatu, kivute kwa vidole. Kikichomoka kiulaini kwenye shingo, kiache. Kimpira kilicholegea kinaweza kubaki ndani ya sikio. Likikutokea hilo, usichokoe kwa pini wala njiti ya kiberiti, maana utakisukuma ndani zaidi. Nenda kituo cha afya wakitoe kwa vifaa vyao.

Nne, usafi. Cha mtu mwingine, hata cha kopo la fundi, kivue, kioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kisha kikauke kabisa kabla ya kukivaa. Mwenye sikio linalouma au kutoa usaha asivae kitu, amwone daktari.

Na ninyi wawili je?

Najua mnachopenda. Hedifoni moja, sikio lako na sikio lake, vichwa vimeegemeana. Mahaba matupu! Lakini kila mmoja hapo ana sikio moja lililo wazi, kelele zote zinaingia huko, na atakayeshika simu atapandisha sauti. Tena sikio lako halina saizi ya sikio lake, kwa hiyo mmoja wenu anavumilia kimya kimya. Kinachomtosha mmoja kumlazimisha mwenzake ni kosa tunalolifanya kwa mambo mengi zaidi ya muziki. Nunueni kigawanya waya cha matundu mawili, kila mtu na hedifoni zake na vimpira vyake, mtasikiliza wimbo mmoja kwa raha.

Mkifika Iyula, hata hivyo, zimeni kwa saa moja. Sikilizeni ndege, upepo kwenye migomba na mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya shamba. Mkitaka kuendelea kuyasikia hayo mkiwa wazee, anzeni leo na kimpira cha saizi sahihi. Pakieni jozi mbili za akiba kwenye kiboksi cha dawa. Safari njema!