Apu Nzuri Utaijua Mtandao Ukipotea

Wasee, tuongee ukweli kuhusu apu. Kila mtu anayejifunza kuzichora siku hizi anaanza na rangi, vivuli na vitufe vinavyorukaruka. Hata mimi napenda vitu vinavyong'aa. Lakini apu haijaribiwi ofisini kwenye waifai kali. Inajaribiwa ndani ya mathree, mtandao ukipotea katikati ya kutuma pesa.

Shangazi yangu anauza mboga Githurai. Juzi alikuwa analipa mkopo kwa apu fulani, sitaitaja. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha ikaandika: "Kuna hitilafu. Jaribu tena." Akajaribu tena. Jioni akapata amekatwa mara mbili, na hiyo ya pili ndiyo ilikuwa pesa ya kuenda Marikiti alfajiri. Ilibidi akope kwa jirani ndio afungue kibanda. Alipopiga simu kuuliza, akaambiwa ati ni yeye alibonyeza mara mbili. Si ni apu yenyewe ilimwambia abonyeze?

Hapo ndipo nakataa ile story ya "mtumiaji hajui simu." Shangazi anajua simu vizuri sana. M-Pesa ilianza 2007 kwenye kabambe, bila intaneti, bila skrini ya kugusa, bila urembo wowote. Lakini ukituma, SMS inaingia: nambari ya muamala, kiasi, jina la aliyepokea, saa na salio lako. Hiyo SMS ndiyo ubunifu wenyewe. Inajibu swali moja tu lililo kichwani mwako: pesa yangu iko wapi?

Kwa hivyo kabla ya rangi, mimi naangalia vitu vitatu. Ujumbe wa hitilafu useme kama pesa imetoka au haijatoka, na kama bado haijulikani, useme "Subiri, usitume tena." Kitufe kikishabonyezwa, kizimike hadi jibu lije. Na kila malipo yapewe nambari yake, ndio yakirudiwa mfumo uyatambue na kuyakataa.

Najua, hizi si kazi za kuringa nazo Instagram. Hakuna mtu husifu skrini ya hitilafu. Lakini ukitaka maoni yangu kuhusu apu yako, usinionyeshe ukurasa wa kwanza. Bonyeza "Tuma", zima data, halafu nipe simu nione inasema nini.