Kompyuta mbili nyumba moja, na hazisemezani

Butembo. Ndugu zetu wahami, wengi munatuuliza: majina tunayowaletea munayaweka wapi? Yako ndani ya kompyuta ya mezani, hapa nyumbani kwangu. Kioo chake kilikufa zamani, kwa hiyo ninaiingia kutoka kompyuta ya mkononi, kupitia modemu ya nyumba. Kazi hiyo haihitaji hata intaneti.

Juma lililopita umeme ulikatika mara tatu siku moja. Asubuhi, mdogo wangu alikuwa ameandika humo majina ya watoto wawili waliopotezana na mama yao walipokimbia Kanyabayonga mwezi wa sita 2024. Mama hana simu, na alikuwa amekwisha kurudi anakolala. Tangazo lilipaswa kusomwa kesho yake saa kumi na mbili asubuhi. Jioni nikajaribu kuingia: kimya. Muda ulipita, hakuna jibu.

Kimya namna hiyo mara nyingi maana yake ni kwamba unabisha kwenye nyumba isiyo na mtu. Nilifungua ukurasa wa modemu, 192.168.1.1, nikatazama orodha ya mashine zilizounganishwa. Kompyuta ilikuwa hai, lakini imehama! Umeme uliporudi, modemu iligawa anwani upya: iliyokuwa 192.168.1.12 sasa ni 192.168.1.15.

Nikabisha kule. Mara moja ikajibu: imekataliwa. Wengi hukata tamaa hapo, na kumbe ni habari njema. Anayekukataa yupo nyumbani. Njia ni nzima. Kilichobaki ni mlango, ule namba 22 unaotumiwa na programu ya kuingilia kutoka mbali. Niliazima televisheni ya jirani, nikaichomeka kuwa kioo, nikaona kwamba programu hiyo haikuwaka pamoja na mashine. Niliiwasha, nikaiagiza iwake yenyewe kila mara. Kisha nikaiambia modemu ihifadhi anwani moja kwa kompyuta hiyo peke yake.

Kijana mmoja alinishauri nizime ukuta wa ulinzi wote, na nifungue mlango ule hadi nje kwenye intaneti, eti nisisumbuke tena. Nilikataa. Majina ya watu waliokimbia vita, na mahali wanapolala, si ya kuachwa barabarani. Ukuta wangu unaruhusu anwani za humu nyumbani tu.

Tangazo lilisomwa kwa saa yake. Watoto hao tungali tunawatafuta. Mwenye habari afike redioni.

Nanyi munaotumia kompyuta katika viosko na mashirika, mukikwama muulize kwa utaratibu: mashine inawaka? Ziko kwenye Wi-Fi moja, si ile ya wageni? Anwani ni ileile? Mlango umefunguliwa? Neno la siri lijaribiwe mwisho.