Dungusi la Kaka

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Methali hii nimeisoma tangu shule ya msingi na kuitumia katika insha nyingi, lakini ukweli ni kwamba sikuielewa hadi siku nilipokaribia kuua mmea mdogo kwa sababu ya kuupenda. Ndugu msomaji, keti nikusimulie.

Kwetu ni Kiplombe, upande wa kaskazini-magharibi mwa Eldoret. Mji wenyewe ulipandishwa hadhi ukawa jiji mwezi wa Agosti 2024, lakini huku kwetu mahindi bado yanaota hadi karibu na dirisha la jikoni. Tuko juu sana, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua ikianza Machi au Aprili haitubanduki hadi Septemba, na asubuhi za Julai ni za kutetemesha meno. Sasa niambie, mahali kama hapa mmea wa jangwani unatafuta nini?

Aliyeuleta ni kaka yangu mkubwa. Wakati huo alikuwa akifanya kazi ya mjengo mjini. Jumamosi moja, badala ya kuja na mkate kama kawaida yake, alikuja na mkebe wa Blue Band. Ndani yake mlikuwa na kitu cha mviringo, kijani, kirefu kama kidole changu cha shahada, kimevaa miiba mieupe kila upande. Alikinunua kwa muuza miche kando ya barabara kwa shilingi 200.

"Kijana, pesa ya mkate umenunulia miiba?" Mama aliuliza.

"Mama, huyu hali sana," kaka alijibu akicheka. "Atakaa nasi."

Kogo, yaani nyanya yetu, aliuliza swali moja tu: ng'ombe wanaweza kuula? Alipoambiwa la, hakuuliza tena.

Sisi nyumbani tuliuita kaktasi. Kamusi inaniambia ni dungusi kakati, na kwa hivyo katika jarida hili la chama chetu nitauita dungusi, mwalimu mlezi asije akanisuta. Kaka aliliweka dirishani juu ya kitanda chake, upande wa jua la asubuhi. Kila mwisho wa mwezi alilipima kwa rula yangu ya shule. Mwezi wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Wa tatu alidai limeongezeka milimita moja, nami nikadai ni macho yake.

Februari 2022 kaka aliondoka kwenda Doha, nchini Qatar, kuwa bawabu. Mwaka huo Kombe la Dunia lilikuwa linachezwa kule na walinzi walitakiwa kwa wingi. Baba aliuza ng'ombe wawili ili kumlipa wakala. Usiku wa kuamkia safari, kaka aliniita chumbani kwake.

"Huyu nakuachia wewe," alisema. "Maji kidogo tu, mara moja kwa wiki mbili. Mvua ikianza na baridi ikiingia, usimpe kabisa. Ukisikia huruma, jizuie."

"Sawa kaka."

Neno "sawa" ni rahisi kulitamka. Kaka alipoondoka, kitanda chake kilibaki kimetandikwa, na mimi kila nilipopita mlangoni nililiona lile dungusi limekaa peke yake dirishani. Nilipomkumbuka kaka, nilichukua kikombe nikalinywesha maji. Nami nilimkumbuka karibu kila siku. Aprili ilipita, Mei ikapita, mvua ikawa inapiga mabati usiku kucha, na bado mimi na kikombe changu. Nilijiambia kwamba kaka akirudi atalikuta limekuwa kubwa, ajue kwamba sikumsahau.

Julai nikaona limeanza kuinama. Kwa juu lilikuwa zuri tu, la kijani, miiba imesimama wima. Nikaligusa chini karibu na udongo, na kidole kikazama. Palikuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na harufu yake siwezi kuieleza katika jarida la shule.

Nililipeleka mbio kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyekuwa akifundisha kilimo. Alitazama mkebe, akaupindua na kuuliza, "Mashimo ya kutolea maji yako wapi?" Hayakuwepo. Akauliza nimekuwa nikilinywesha mara ngapi. Nikamwambia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mtoto wangu, huu ni mmea ambao ukiuonea kiu utaishi, na ukiuonea huruma utakufa."

Kisha akanieleza. Madungusi asili yake ni Marekani, Kaskazini na Kusini, na yako zaidi ya aina 1,500. Miiba yake ndiyo majani, yamebadilika ili yasipoteze maji. Shina ndilo linalofanya kazi ya majani na ndilo ghala la maji. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana. Dungusi hufunga vyake mchana, wakati wa joto, na kuvifungua usiku, kukiwa na ubaridi, ili unyevu usitoroke. Hewa inayoingizwa usiku huhifadhiwa hadi jua litoke, ndipo chakula kitengenezwe. Mmea unaoishi kwa mpango kama huo hauwezi kukimbia. Kule Arizona na Meksiko kuna dungusi kubwa liitwalo saguaro ambalo huweza kuishi zaidi ya miaka 150 na kupita urefu wa nyumba ya ghorofa mbili, lakini miaka yake minane ya kwanza hufikia sentimita tatu au nne tu!

Alinionya pia nisichanganye mambo. Ile mimea mirefu kama kinara cha mishumaa inayoota kwenye miteremko ya Kerio, na ile minyaa tunayopanda kuwa ua, si madungusi. Ukiivunja inatoa utomvu mweupe unaoweza kuumiza macho vibaya. Dungusi la kweli utalitambua kwa vijidoa kama pamba, na miiba huchipuka hapo. Mpungate wa Laikipia ndio dungusi la kweli. Uliletwa enzi za ukoloni, ukatoroka, na leo umevamia malisho na kuumiza midomo na matumbo ya mifugo, hata ikabidi waletwe wadudu maalumu wa kuupunguza. Kwa hivyo si kila dungusi ni la kutupwa ovyo nje ya boma.

Tulilifanyia upasuaji. Mwalimu alipangusa kisu kwa spiriti, akakata juu ya sehemu iliyooza. Katikati bado palikuwa na alama ya kahawia. Akakata tena, na tena, hadi pakawa peupe na kijani tupu. Kilichobaki kilikuwa kofia ndogo ya sentimita tatu. Dungusi lilikuwa na sentimita saba kaka alipoondoka. Tulikiweka kipande hicho kivulini, pakavu, majuma mawili, hadi jeraha likashika kigaga. Ndipo tukakikalisha juu ya mchanga mkavu katika mkebe mpya, uliotobolewa kwa msumari. "Sasa," mwalimu akasema, "kazi yako ni kutofanya kitu." Hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi niliyowahi kupewa.

Sasa nifike mahali ninapoona aibu. Jumapili iliyofuata kaka alipiga simu. Saa ya Doha na ya Eldoret ni moja, kwa hivyo alipiga jioni, baada ya chakula.

"Kaktasi yangu iko aje?"

"Iko sawa kaka. Imekua."

"Tuma picha basi."

Nikamtumia picha ya zamani iliyokuwa katika simu ya Mama. Naye nikimuuliza, "Na kazi iko aje?" alijibu, "Iko sawa." Kwa miezi sita tuliendelea hivyo. Novemba na Desemba tulitazama mechi kwa jirani, tukikodoa macho kwenye malango ya viwanja tukidhani labda tutamwona. Hatukumwona. Kila Jumapili yeye aliuliza habari za dungusi, nami nilimwambia limekua. Kama ningejumlisha urefu wote niliomtajia, dungusi lingekuwa limetoboa dari.

Njia ya mwongo ni fupi. Februari 2023, mwaka mmoja kamili tangu aondoke, alisema anataka kuliona kwa video, sasa hivi. Nilisimama na simu mkononi katikati ya chumba chake. Kisha nikalia, nikamwambia yote: maji, kuoza, kisu, picha ya uongo. Nikageuza simu akaona kile kipande kidogo kwenye mchanga, kimeinamia upande mmoja.

Kaka alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani laini imekatika. Halafu akasema, polepole, "Na mimi nikuambie." Mechi zilipokwisha, kazi ilikwisha. Alikuwa hajalipwa mishahara ya miezi miwili. Walikuwa wanaume wanane katika chumba kimoja, na siku nyingine walikula mlo mmoja. Alituambia mambo ni sawa kwa sababu ya wale ng'ombe wawili. Alionea haya uso wa Baba.

Nilimwita Baba. Sijui walizungumza nini, kwa maana nilitoka nje nikakaa na Kogo. Ninachojua ni kwamba tangu usiku ule hakuna aliyejibu "iko sawa" bila kuulizwa mara ya pili. Kaka alipata kazi nyingine kule, ya ghala, akamaliza muda wake. Zile pesa za miezi miwili hazikurudi hadi leo.

Machi 2024 alirudi. Alikuwa amekonda, na shingo yake ilikuwa nyeusi kwa jua. Kule joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Alisalimia watu wote, akanywa mursik, halafu akaenda chumbani. Mimi nikamfuata nyuma kama mshtakiwa. Aliuinua mkebe karibu na macho yake. Nilikuwa nimelipima asubuhi hiyo: sentimita nne.

"Amekuwa mfupi kuliko nilivyomwacha," alisema.

"Ndiyo kaka."

"Hata mimi nimepungua. Tutaongezeka." Akaurudisha dirishani.

Ewe msomaji, kama unataka kulitunza dungusi dogo nyumbani, hasa huku kwetu kwenye mvua nyingi, nakusihi ushike haya. Kwanza, mkebe uwe na mashimo, na udongo usiwe wa shamba peke yake. Changanya sehemu moja ya udongo na sehemu mbili za mchanga na kokoto ndogo ili maji yapite. Pili, usinyweshe kwa kufuata kalenda wala moyo wako. Chomeka kijiti hadi chini. Kikitoka na unyevu, ondoka. Kuanzia Desemba hadi Februari jua likiwaka, maji kidogo yatafaa. Juni hadi Agosti, acha. Tatu, lipe mwanga mwingi, nawe geuza mkebe mara kwa mara lisiinamie upande mmoja kama langu. Nne, na hili ndilo kubwa, usilitazame juu tu. Dungusi huanza kuoza chini, mahali pasipoonekana, huku juu lingali kijani. Liguse.

Leo dungusi lina sentimita tano na nusu. Bado halijafikia urefu liliokuwa nao siku kaka alipoondoka. Mwaka huu, Januari, lilifunga taji la maua madogo ya waridi kichwani, ambayo yalidumu siku chache yakanyauka. Mama ndiye aliyeyaona kwanza, akatuita sote, hata Kogo. Kogo aliinama, akatazama kwa muda, akauliza kama sasa ng'ombe wanaweza kuula.

Kaka amerudi kwenye kazi ya mjengo. Jumamosi huleta mkate. Mwisho wa mwezi huniomba rula.