Shajara ya video: wimbo wa kausha damu

3 Juni 2024
Mwalimu ametukubalia tuutengenezee video wimbo wa singeli wa mwanafunzi mwenzetu, ule wa muuza mboga aliyeingia kausha damu, yaani mikopo ya riba kubwa. Ametoa sharti: kila uamuzi mkubwa wa picha tueleze hadhira ilichangia nini. Wenzangu wanaliona hili kuwa kazi ya makaratasi. Mimi naona hapa ndipo kazi ilipo. Singeli ilizaliwa uswahilini, Manzese na Tandale na Mburahati, kwenye sherehe za mtaani za vigodoro, na pale wimbo ukichosha watu wanakaa chini na MC anaona kwa macho yake. Muziki uliolelewa hivyo hauwezi kupewa picha za kubuniwa chumbani.

5 Juni
Hojaji ya kwanza imerudi. Karibu kila karatasi ina “nzuri”, “safi”, “mnajitahidi”. Mtoto wa chuo akikujia na kalamu, humvunji moyo. Ndivyo watu wetu walivyolelewa. Kwa hiyo nimefuta “Unapenda video za aina gani?” na kuuliza mambo yaliyokwisha kutendeka: video ya mwisho uliyoitazama ikaisha ni ipi, ulikuwa wapi, simu ya nani, bando la nani, nani alikuwa kando yako.

Majibu yamegeuka papo hapo. Akina mama wengi tuliozungumza nao sokoni hawatafuti video. Wanaonyeshwa na watoto wao, au wanatumiwa WhatsApp. Vijana wa bodaboda wanatazama juani wakisubiri abiria, sauti inatoka kwenye spika ya simu isiyo na besi. Zile shoti za usiku tulizokuwa tumezipanga zitaonekana kioo cheusi tu. Tunazihamishia alfajiri, wakati muuza mboga anapofunga mafungu yake. Isitoshe, ndiyo saa yake halisi ya kazi.

10 Juni
Kabla ya kupiga shoti yoyote tumepeleka michoro ya matukio sokoni. Nikawaonyesha mdai wa video yetu: suti, miwani myeusi, gari. Wakacheka, hadi wa genge la pili wakasogea.

“Mwanangu, huyo mwenye suti sisi hatumjui,” akasema mama mmoja. “Godoro langu walibeba wenzangu wa kikundi. Tunaokaa nao hapa hapa.”

Nimekuwa nikilitafakari jioni nzima. Kausha damu ikitolewa kwa kikundi, wanachama hudhaminiana. Mmoja akishindwa rejesho la wiki, deni linawaangukia wenzake, nao wanaingia kwake kubeba televisheni, kochi, godoro, chochote kitakachofidia. Anayekuja mlangoni ni shoga yako, ambaye naye ana watoto na rejesho lake.

Darasani tulisoma makala ya mwananadharia wa utamaduni Stuart Hall ya mwaka 1973: mtengenezaji hutia maana kwenye picha, lakini mtazamaji anaweza kuipokea kama ilivyokusudiwa, kuikubali nusu na kuirekebisha, au kuipinga kabisa. Leo nimeyaona kwa macho. Akina mama waliupokea uchungu wa wimbo na kumkataa mwovu wetu. Sasa mdai atakuwa rafiki wa muuza mboga, yule tunayemwona akimshikia mtoto katika ubeti wa kwanza. Ni vigumu zaidi kuigiza, na ni kweli zaidi.

Tukiwa tunaondoka mama mwingine akaniita: “Msituonyeshe tunalia. Tumechoka kuonyeshwa tunalia.” Nimeliandika juu ya skripti kwa wino mwekundu. Hakuna chozi.

18 Juni
Tumepiga picha. Mwanga wa alfajiri umekubali.

24 Juni
Tumeanza kuonyesha nakala ambayo haijakamilika, na sisi wenyewe hatukai karibu. Mwanafunzi asiye wa kikundi chetu anampa mtu simu yenye video kadhaa, ya kwetu ikiwemo, bila kusema ipi ni ya nani. Mimi nasimama mbali nikiangalia kidole gumba. Kidole hakina adabu ya maneno. Video ikichosha, kinapita.

Kijiweni vidole vimeanza kusogea mahali palepale, kama sekunde ya hamsini. Tulipouliza, jibu likawa moja: “Imepoa. Ongezeni spidi, wekeni madensa.” Mhariri wetu akataka kukata kwa kila pigo. Tukapiga hesabu. Kwa mapigo 200 kwa dakika, na singeli nyingi huenda kasi kuliko hapo, pigo moja ni sekunde 0.3. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila shoti ingepata fremu saba au nane. Hakuna atakayemtambua mtu. Sasa tunakata kila baada ya mapigo manane, yaani sekunde 2.4, na hapo mwili bado unausikia mdundo.

Basi kasoro ilikuwa wapi? Tumerudia kipande hicho bila sauti. Kwa sekunde kumi hivi uso wa muuza mboga haupo: mikono, daftari la madeni, mchicha. Tumerudisha uso wake akihesabu noti, mwendo tukauacha. Jioni vidole vimetulia. Vijana walijua barabara mahali wanapotutoka. Dawa waliyoitaja ilikuwa ya ugonjwa mwingine.

1 Julai
Ubishi wa kikundi: vijana bado wanataka madensa, akina mama wanasema hao hawawahusu. Mwenzangu amependekeza tuweke madensa kidogo, kila upande upate chake. Nimekataa. Maoni hayagawanywi nusu kwa nusu kama shamba la urithi. Wimbo una mtu unayemsema, na sauti yake ina uzito zaidi. Ombi la akina mama kuandikiwa maneno kwenye kioo tumelikubali, kwa kuwa MC anakwenda kasi na wao wanataka kila neno.

4 Julai
Mwalimu ameshauri tathmini iwe na chati ya asilimia ya waliofurahi. Nimemwomba tusiweke. Tulizungumza na watu wachache, na tuliwachagua wenyewe. Asilimia zingewasemea ambao hatukuwauliza. Badala yake nimechora jedwali: sekunde gani, walifanya nini, walisema nini, tulibadilisha nini, tulikataa nini na kwa nini. Amekubali.

Nakala iliyokamilika inaonyeshwa sokoni kwanza, chuoni baadaye. Mama wa godoro ameomba wenzake wa kikundi waalikwe, wale wale waliolibeba. Nimewaalika, na wamesema watakuja.