Ufa Niliouziba Vibaya

Mwalimu wetu wa Kiswahili alipotufundisha methali "Usipoziba ufa utajenga ukuta", niliandika maana yake daftarini nikapata alama zote. Likizo iliyofuata nilipata nafasi ya kuitumia, nikafeli.

Baba mdogo ni daktari wa mifugo huko Gitega. Ana pikipiki kuukuu, Yamaha yenye injini ya mipigo miwili, ambayo hupanda nayo vilima kwenda kuchanja ng'ombe. Kazi hiyo ndiyo iliyonilipia karo tangu baba alipofariki.

Injini ya aina hiyo hula oili. Oili hukaa katika tangi dogo la pembeni, pampu huisukuma kidogo kidogo, ikachanganyika na petroli na kuungua pamoja nayo. Tangi likikauka, pistoni husugua silinda bila kilainishi, hupata moto na kukwama. Ndiyo maana tangini kumechomekwa kihisi chenye boya. Oili ikipungua, boya hushuka na taa huwaka karibu na usukani.

Siku mbili kabla ya kurudi chuoni Bujumbura, niliona madoa ya oili chini ya pikipiki. Nilifungua kava la ubavuni, nikakuta inavuja pale kihisi kinapoingia tangini. Methali ikanijia. Nilipangusa kwa kitambaa, nikapaka silikoni kuzunguka kihisi, nikajaza oili. Baba mdogo sikumwambia. Nilitaka aone nimekuwa mtu mzima. Yeye alikuwa amenikubalia niende na pikipiki, aje kuichukua Jumapili.

Asubuhi ya safari taa iliwaka. Nikajiambia: tangi nimelijaza juzi, basi kihisi ndicho kimeharibika. Sikufungua hata kifuniko nichungulie. Nilichomoa waya wake, taa ikazimika, nikaondoka nikipiga mluzi.

Baada ya Muramvya, nikipanda kuelekea Bugarama, injini ililegea. Ikatoa sauti kama ya kusaga mchanga, kisha gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, pikipiki ikaserereka. Nyuma yangu kulikuwa na lori. Sijui nilikumbukaje kubana klachi. Gurudumu likaachia, nikaponea ukingoni mwa barabara. Nilipofungua tangi la oili, lilikuwa kavu.

Lori lilelile lilinipakia na pikipiki yangu hadi Bujumbura, likatushusha Buyenzi, mtaa wenye sifa ya Kiswahili na mafundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Sensa hii nani kaichomoa?"

Nilibabaika. Darasani sensa ni kuhesabu watu. Fundi akainua waya uliokuwa ukining'inia, nami nikainamisha kichwa.

Kwanza alifungua bomba la moshi, akamulika tochi kwenye tundu la silinda. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo myepesi. "Umebahatika," alisema. Kisha akashika silikoni yangu kwa kucha mbili. Ikabanduka yote kwa mara moja. "Silikoni haishiki juu ya oili. Tena ugonjwa hauko hapa nje." Alichomoa kihisi taratibu kwa mkono, akanionyesha mpira wa duara unaokizunguka. Ulikuwa mgumu kama pembe na umepasuka upande wa ndani.

Mpira mpya ulipatikana duka la jirani kwa bei isiyozidi soda mbili. Aliosha tangi, akakausha tundu lake, akapaka mpira oili kidogo ili uingie bila kuchanika. Kabla ya kurudisha kihisi aliunganisha waya, akakigeuza juu chini mkononi: taa ikawaka, ikazimika. Hakikuwa kimeharibika hata kidogo. Kilikuwa kinasema kweli, mimi nikakinyamazisha.

Alijaza oili, akalegeza skrubu ya pampu mpaka oili ikatoka bila mapovu, maana hewa ikibaki ndani pampu husukuma upepo. Katika tangi la petroli akatia lita 5 zilizochanganywa na mililita 100 za oili, ili injini isikae kavu wakati pampu inaanza kazi upya.

Nilimweleza ile methali. Akacheka. "Wewe uliziba macho, si ufa."

Jioni nilimpigia simu baba mdogo nikamweleza yote, pamoja na waya. Alinyamaza muda mrefu. Nilitazamia aulize pikipiki imeharibika kiasi gani.

"Lori lilikuwa mbali nawe kiasi gani?" aliuliza.

Nikamwambia. Akanyamaza tena, kisha akasema Jumapili atakuja kwa basi, na kwamba siku nyingine nikiona tone moja tu nimwite, hata kama ni usiku.